Mota Duni Zinakunywa Mito ya Taifa

Mwaka 2006 Tanzania ilipata somo ambalo haifai lisahauliwe. Mvua zilikuwa zimekosekana, maji ya bwawa la Mtera yakapungua mno, na umeme ukawa wa mgawo. Mwaka huo huo wafugaji waliamriwa kuondoa mifugo yao katika bonde la Usangu, mahali yanapokusanyika maji ya Mto Ruaha Mkuu kabla ya kuteremka kwenda Mtera na Kidatu. Mto huo, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993. Katika mabishano ya wakati ule walilaumiwa wenye ng'ombe, wakalaumiwa wakulima wa mpunga, ikalaumiwa na mbingu yenyewe. Ilikuwa nadra kumsikia mtu akimtaja mlaji mwingine wa maji yale yale, ambaye amejificha ndani ya viwanda na vituo vya pampu, na ambaye hunguruma usiku na mchana bila kuulizwa neno. Mlaji huyo ni mota ya umeme.

Wako watakaocheka. Watasema kwamba mota ni chuma kilichofungwa waya wa shaba, na kwamba mambo yake ni ya mafundi, si ya Taifa. Fikra hiyo ndiyo chanzo cha hasara. Mota ndiyo inayosukuma maji kutoka Ruvu hadi Dar es Salaam. Ndiyo inayozungusha vinu vya saruji, mashine za kufuma nguo, vinu vya unga, mikanda ya kubebea mizigo, feni kubwa na mitambo ya kugandishia samaki. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2011 kwamba mitambo inayoendeshwa na mota hutumia kati ya asilimia 43 na 46 ya umeme wote wa dunia, na kwamba umeme huo huleta kiasi cha tani milioni 6,040 za hewa ya ukaa kila mwaka. Shirika hilo lilieleza pia kwamba kwa ufundi ambao tayari unajulikana, na kwa gharama inayojilipa yenyewe, matumizi ya mitambo hiyo yangeweza kupunguzwa kwa asilimia 20 hadi 30. Wananchi huhimizwa kuzima taa watokapo chumbani, na ni vyema wakafanya hivyo. Lakini Taifa linalomhimiza mwalimu azime taa moja ya nyumbani kwake, huku likiiacha mota duni izunguke kiwandani saa 6,000 kwa mwaka, linaokota punje na kuacha gunia likimwagika.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Ichukuliwe mota ya kawaida ya umeme wa njia tatu, yenye nguvu ya kilowati 11, inayozunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, yaani IEC, ilipanga mwaka 2008 madaraja ya ubora wa mota. Mota ya ukubwa huo iliyo katika daraja la IE1 hugeuza kuwa kazi asilimia 87.6 ya umeme inaoupokea. Iliyo katika daraja la IE3 hugeuza asilimia 91.4. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa mtu mwenye haraka. Hata hivyo, mota hizo zikifanya kazi kwa nguvu zao zote saa 6,000 kwa mwaka, ile duni hula uniti zaidi ya 3,100 kuliko mwenzake, na uniti zote hizo huishia kuwa joto lisilomfaa mtu yeyote. Ikiachwa kwa miaka 15, upotevu hupita uniti 46,000. Hiyo ni mota moja tu, tena ndogo, katika kiwanda kimoja.

Sasa uniti hizo zigeuzwe kuwa maji. Katika kituo ambamo maji huanguka kimo cha mita 100, uniti moja huhitaji kiasi cha lita 4,000 zipite katika mitambo. Kwa hiyo mota ile moja hupitisha bure zaidi ya lita milioni 12 kila mwaka. Pale ambapo umeme hutokana na gesi ya Songo Songo au ya Mtwara, upotevu ule ule hutoa zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa mwaka, pasipo kuongeza hata mfuko mmoja wa saruji wala mita moja ya khanga. Aliyeinunua mota hiyo hakumwuliza mvuvi wa Mtera, wala mkulima wa Kilombero, wala mtoto atakayezaliwa kesho. Ameamua peke yake, na hasara wameigawana wote. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuwa la mwenye kiwanda peke yake.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba wenye viwanda waachwe waamue kwa hiari, kwani mfanyabiashara mwerevu hatapenda kupoteza fedha zake. Hoja hiyo imekwisha kupimwa, tena huko huko yalikozaliwa mambo ya viwanda, nayo ikashindwa. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya ilifanya makubaliano ya hiari na CEMEP, chama cha watengenezaji wa mota wa Ulaya. Mota ziligawanywa katika madaraja matatu, EFF1 likiwa bora na EFF3 likiwa duni, na watengenezaji wakaahidi kupunguza kwa nusu mauzo ya daraja duni. Ahadi hiyo waliitimiza. Lakini wanunuzi walihama kutoka daraja la tatu, wakaingia la pili, wakakaa hapo. Baada ya miaka karibu kumi, zile bora kabisa zilikuwa zimefikia kama sehemu moja ya kumi tu ya mauzo. Hiari ilifika ilipofika, ikachoka.

Marekani, nchi isiyosifika kwa kupenda amri za Serikali juu ya biashara, haikungoja hiari. Ilipitisha Sheria ya Sera ya Nishati mwaka 1992, na tangu Oktoba 1997 mota za kawaida za viwandani zilizo chini ya kiwango zikawa hazina ruhusa ya kuuzwa huko. Sheria nyingine ya mwaka 2007 iliongeza ukali, nayo ikaanza kutumika Desemba 2010. Ulaya nayo iliona kosa lake. Kwa Kanuni namba 640 ya mwaka 2009 ililazimisha daraja la IE2 kuanzia Juni 2011, kisha ikapanda hatua kwa hatua kuelekea IE3 mwaka 2015 na 2017. Kanuni mpya ya mwaka 2019 ilianza kutumika Julai 2021, na tangu Julai 2023 mota nyingi za kilowati 75 hadi 200 zimetakiwa kufikia daraja la IE4. Tume ya Ulaya inakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 hatua hizo zitaokoa kiasi cha uniti bilioni 110 kwa mwaka, na kuzuia tani milioni 40 za hewa ya ukaa.

Kwa nini hiari ilishindwa mahali penye wahasibu hodari na wahandisi wengi? Kwa sababu anayenunua mota mara nyingi siye anayelipa ankara ya umeme. Afisa ugavi husifiwa kwa kupata bei ndogo, na ankara huenda ofisi nyingine. Aundaye mashine hununua mota iliyo rahisi, akaifunga ndani ya mashine yake, akaiuza, akaondoka. Na mota ikiungua usiku wa manane, mkuu wa zamu hana nafasi ya kusoma madaraja: huchukua iliyoko stoo ili kazi iendelee. Hakuna mwerevu wala mpumbavu katika habari hiyo. Upo utaratibu mbovu, na utaratibu mbovu hauondolewi kwa mawaidha.

Hoja ya pili ni bei. Inasemwa kwamba mota bora ni ghali, na kwamba nchi inayojenga viwanda haina fedha za anasa. Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini haina hesabu. Mota ile ya kilowati 11 hutumia uniti zaidi ya 75,000 kwa mwaka. Kabla mwaka haujaisha, gharama ya umeme wake huwa imekwisha kuipita bei ya kuinunulia, na katika umri wake wote bei ya kununulia huwa sehemu ndogo tu ya fedha zote zilizotumika juu yake. Anayeokoa fedha dukani ili azipoteze kila mwezi kwenye ankara hajabana matumizi. Ameikopa hasara kwa riba kubwa, na mara nyingi mlipaji wa mkopo huo ni mnunuzi wa maji, wa unga au wa saruji.

Hoja ya tatu ni ya hila zaidi. Inasemwa kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania hutokana na maji, ambayo hayatoi moshi. Kwa hiyo mazungumzo ya mota na mazingira yaachiwe nchi zinazochoma makaa ya mawe. Anayesema hivyo na aende Kihansi. Kituo cha huko, chenye uwezo wa megawati 180, kilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, maji yaliyokuwa yakiporomoka korongoni yaliingizwa kwenye handaki la mitambo, na manyunyu yaliyolowesha majani ya korongo hilo yakapungua kupita kiasi. Hapo ndipo alipoishi chura mdogo wa Kihansi, asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani, ambaye wanasayansi walikuwa wamemgundua mwaka 1996 tu. Palitengenezwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini maradhi ya ukungu nayo yakamwandama. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kama kizazi chake kisingalihifadhiwa katika bustani za wanyama za Marekani na kuanza kurudishwa nyumbani mwaka 2012, leo angekuwa picha kitabuni. Umeme wa Kihansi ulihitajika, na hapana mwenye akili timamu atakayesema nchi ingekaa gizani. Lakini ikiwa Taifa lililipa gharama hiyo ili kupata umeme, ni aibu umeme huo ukitumika kupasha joto mota mbovu.

Hoja ya nne imezuka karibuni. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Basi wako wanaosema kwamba umeme sasa upo wa kutosha, na habari za kubana matumizi zimepitwa na wakati. Hii ni lugha ya mtu aliyevuna vizuri msimu mmoja akaanza kutoboa magunia. Bwawa lile halikuletwa na upepo. Limejengwa kwa fedha na jasho la wananchi, na ndani ya pori ambalo ni urithi wa dunia nzima. Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayolijaza, na wala Rufiji haikupewa ahadi kwamba ukame hautarudi. Tena kazi ya umeme huo bado ni kubwa. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Kila uniti inayopotea ndani ya mota ni uniti ambayo ingaliweza kuivisha maharage na kuuacha mti umesimama. Akiba haiozi, walisema wahenga, na akiba ya umeme ni akiba ya misitu na mito.

Ipo na hoja ya tano, ambayo inastahili kujibiwa kwa heshima kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mota bora huhitaji shaba nyingi zaidi na chuma kilicho bora zaidi. Shaba hiyo huchimbwa mahali fulani, pengine Kitwe au Kolwezi, na uchimbaji huacha makovu katika ardhi na taka katika maji ya watu wengine. Ni kweli. Lakini shaba huchimbwa mara moja, na mota ikifika mwisho wake huyeyushwa ikatumika tena, ilhali umeme uliogeuka joto hautarudi kamwe. Ukweli huo hauhalalishi mota duni. Unachodai ni kwamba mota kuukuu zikusanywe na kuyeyushwa kwa utaratibu, zisitupwe ovyo wala zisichomewe uani ili kutoa shaba.

Hapo ndipo penye upungufu hata katika sheria za mataifa yaliyotangulia. Kanuni ya Ulaya hukataza mota duni kuingizwa katika soko la Ulaya. Haiizuii meli inayozipeleka Mombasa au Dar es Salaam. Nchi tajiri ikisafisha nyumba yake, takataka hutafuta mlango ulio wazi, na mlango ulio wazi ni ule usio na mlinzi. Mota iliyotumika miaka 20 ikipakwa rangi mpya huonekana kijana, lakini tabia yake ya kula umeme haikubadilishwa na rangi. Anayeiuza hapati hasara, anayeinunua hudhani amepata faida, na mto ndio unaolipa.

Aidha, daraja lililoandikwa kwenye kibati cha mota si mwisho wa mambo. Mota kubwa iliyofungwa mahali panapohitaji ndogo hupoteza umeme hata kama ni ya daraja la juu. Feni au pampu inayozungushwa kwa kasi yote huku valvu imebanwa ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Feni ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80 kwa kifaa cha kudhibiti kasi, hutumia karibu nusu tu ya nguvu ilizokuwa ikitumia. Na mota iliyoungua ikisukwa upya na fundi anayeondoa waya wa zamani kwa moto mkali, chuma cha ndani huharibika, na mota hiyo hurudi kazini ikila zaidi ya mwanzo. Fundi huyo hastahili kudharauliwa. Ameokoa viwanda vingi siku ambazo hapakuwa na vipuri wala fedha za kigeni. Anachohitaji ni mafunzo, tanuri lenye kipimo cha joto, na chombo cha kupimia kazi yake.

Kwa hiyo yanayotakiwa yanajulikana. Kiwango cha chini cha ubora wa mota kiwe na nguvu ya sheria, nacho kihusu mota mpya, mota iliyokwisha kutumika, na mota iliyofichwa ndani ya mashine. Kenya, jirani wa karibu, ilitoa mwaka 2016 kanuni za ubora wa nishati zilizozigusa pia mota za njia tatu. Bidhaa zinavuka mpaka kila siku, na viwango havina budi kuvuka pamoja nazo. Shirika la Viwango, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1975, lipewe vyombo na watu wa kupima mota bandarini, kwani kiwango kisichopimwa ni karatasi. Viwanda vikubwa vikaguliwe matumizi yao ya umeme, na ukaguzi usome pampu, feni na valvu, usiishie kwenye kibati. Mota kuukuu zinazoondolewa zivunjwe, zisiuzwe kwa mwenye mashine ya kusaga kijijini, maana kumwuzia mnyonge hasara iliyomshinda tajiri si biashara, ni dhuluma.

Lakini Serikali haiwezi kuwadai wenye viwanda jambo ambalo yenyewe hailitendi. Mamlaka za maji, hospitali, vyuo na mashirika ya umma ni miongoni mwa wenye mota nyingi nchini, na mota hizo hununuliwa kwa zabuni. Kila bodi ya zabuni inayompa kazi mwenye bei ndogo ya siku hiyo, bila kuhesabu umeme utakaotumika kwa miaka 15, huweka sahihi ya kumwaga maji ya Taifa. Mtumishi wa umma aliye katika bodi hiyo asijifariji kwamba yeye ni karani tu. Kalamu yake hufungua au hufunga lango la bwawa, ingawa bwawa liko mbali asilione. Mwalimu naye ana sehemu yake. Mwanafunzi wa shule ya ufundi au wa VETA anayefundishwa kufunga mota bila kufundishwa kupima inakula nini, amepewa nusu ya kazi. Na yule wa shule ya kawaida anayejifunza asilimia kwa hesabu za maembe angeweza kujifunza asilimia zile zile kwa ankara ya pampu ya mji wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka mingi nchi imekuwa ikijenga ukuta: kituo baada ya kituo, bomba baada ya bomba, bwawa baada ya bwawa. Ujenzi huo ulihitajika, na mwingine utahitajika bado. Ila ufa umeachwa wazi, na unapanuka kila kontena la mota duni linaposhushwa bandarini. Mwaka 2006 mfugaji wa Usangu aliambiwa aondoke ili maji yaokolewe, akaondoka na ng'ombe wake. Haki inadai kwamba safari hii agizo hilo lipewe mota duni.